Njia za Changarawe Kutoka Kihesa: Baiskeli Katika Vilima vya Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Baiskeli ya changarawe ni baiskeli iliyoundwa kwa barabara ambazo lami haijafika. Kwa umbo inafanana na baiskeli ya mashindano: fremu nyepesi, magurudumu makubwa, usukani ulioshuka na kukunjwa kwa chini. Tofauti iko kwenye matairi, yenye upana wa milimita 38 hadi 50 badala ya 25 au 28, na kwenye gia, ambazo hushuka kiasi cha kumwezesha mtu kunyonga polepole kwenye mlima mkali bila kuteremka na kusukuma. Breki zake ni za diski, kwa kuwa vumbi, matope na miteremko mirefu huzimaliza upesi breki za mpira. Mwenye baiskeli ya namna hii hutoka nyumbani kwa lami, akaingia moramu, akapita njia ya ng'ombe na kurudi jioni bila kubadili chombo.

Kihesa ni kata ya Manispaa ya Iringa, upande wa kaskazini wa mji, kando ya barabara iendayo Dodoma. Ni mtaa wa soko, wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iringa na wa nyumba zinazopanda vilima vyenye mawe makubwa ya matale. Mji wenyewe umekaa kwenye kimo cha mita 1,500 hadi 1,600 juu ya usawa wa bahari, juu ya bonde la mto Ruaha Mdogo. Kutoka hapa barabara huenda pande zote, na kila upande una udongo wake, mvua yake na ukali wake wa milima. Kaskazini ni nyika kavu ya Isimani. Mashariki na kusini mashariki ni Kilolo yenye ukungu na udongo mwekundu. Magharibi ni bonde la Kalenga na barabara ya Ruaha. Kusini magharibi ni Isimila, kisha Mafinga, Mufindi na, kwa anayeendelea, Mbeya. Miji michache ya Tanzania ina utofauti wa namna hiyo ndani ya mwendo wa siku moja ya baiskeli.

Mchezo wa kuendesha baiskeli kwenye changarawe ulikua nchini Marekani, katika majimbo ya mashamba makubwa ambako barabara za vumbi hukatiza kwa mamia ya kilomita. Mashindano yake yaliyo maarufu kuliko yote, Unbound Gravel ya Emporia, Kansas, yalianza mwaka 2006. Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, liliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya changarawe mwaka 2022 huko Veneto, Italia. Barani Ulaya, eneo mojawapo linalotajwa na wapenda changarawe ni kusini mwa Ufaransa, hasa milima ya Cévennes na nyanda za juu za mawe ya chokaa zilizo kando yake. Mwaka 1878 mwandishi Robert Louis Stevenson alivuka milima hiyo kwa miguu akiwa na punda wa kubebea mizigo, na njia aliyoipita leo ina alama, nyumba za kulala wageni na ramani zinazouzwa madukani. Mont Aigoual, mmoja wa milima mikubwa ya eneo hilo, una kilele cha mita 1,565. Kimo hicho ndicho cha mji wa Iringa. Mfaransa hupanda siku nzima kufika mahali ambapo mkazi wa Kihesa huanzia safari.

Afrika Mashariki nayo imeingia katika mchezo huu. Tangu mwaka 2021 mashindano ya Migration Gravel Race hufanyika Kenya, katika nchi ya Maasai Mara, yakiwakutanisha waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda na wale wa kulipwa kutoka Ulaya na Marekani. Nahodha wa timu ya baiskeli ya Amani, Suleiman Kangangi wa Kenya, alifariki Agosti 2022 akiwa kwenye mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani, na kifo chake kiliwagusa wengi waliokuwa wameanza kuamini kwamba kijana wa Afrika Mashariki anaweza kuishi kwa baiskeli. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Nyanda za Juu Kusini zilikwishaonwa na wageni kabla ya hapo: msafara wa Tour d'Afrique, unaotoka Cairo hadi Cape Town na ulioanza mwaka 2003, ulipita Iringa na Mbeya katika miaka yake ya mwanzo, wakati kipande cha Dodoma hadi Iringa kilikuwa bado cha vumbi.

Barabara zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili ya mchezo. Nyingi zilifunguliwa ili mahindi, viazi, mbao na majani ya chai yafike sokoni au kiwandani, nyingine ili misheni na hospitali zifikike. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Zile za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Mgawanyo huo una maana kwa mwendeshaji. Barabara ya mkoa ni pana, hupitiwa na greda mara kwa mara na ina malori. Barabara ya kijiji ni nyembamba, huenda ikakaa misimu kadhaa bila greda, na ndiyo yenye utulivu unaotafutwa. Njia nzuri huunganisha hizo mbili: ya kwanza kwa kusafiri, ya pili kwa kufurahi.

Anayetaka kuchagua njia vizuri na aanze kwa kuujua udongo. Kuzunguka mji wa Iringa, mwamba ni wa matale, na matale yakioza hutoa mchanga mkavu wenye chembe kubwa. Udongo huo hunyonya maji haraka, kwa hiyo barabara za Kihesa, Nduli na Isimani hupitika saa chache tu baada ya mvua. Ubaya wake ni mchanga unaojikusanya kwenye mabonde na kwenye kona. Tairi jembamba huzama, usukani huyumba. Dawa ni kupunguza upepo na kuweka uzito nyuma. Kilolo na Mufindi kuna udongo mwekundu wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu na laini kama sakafu iliyosiribwa, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kuendesha baiskeli. Mvua ikinyesha nusu saa, udongo huohuo hushika tairi, hujaa kati ya gurudumu na fremu, na baiskeli haisogei hata ikisukumwa. Rungwe na nyanda za Uporoto zina majivu ya volkano: vumbi jepesi la kufika kwenye kifundo cha mguu mwezi Septemba, matope meusi mwezi Machi.

Adui mwingine ni mawimbi madogo yanayojitokeza kukatiza barabara pana za moramu. Husababishwa na magurudumu ya magari yaendayo kasi: gurudumu likiruka juu ya kijiwe hutua kwa nguvu na kuchimba, gari linalofuata huongeza, na baada ya wiki kadhaa barabara nzima hutetema. Kwenye baiskeli mtetemo huo huumiza viganja na mabega kuliko mlima wowote. Ukingo wa barabara, ambako magari hayafiki, mara nyingi umebaki laini, na wenyeji waliozoea hupita hapohapo.

Njia ya kwanza inayostahili kuelezwa ni mzunguko wa Isimila, Tosamaganga na Kalenga. Kutoka Kihesa hadi kurudi Kihesa una kilomita kati ya 50 na 60, na mtu mwenye nguvu za kawaida huumaliza kwa siku moja huku akiwa na muda wa kutazama. Huanza kwa kukatiza mji na kuteremka hadi Ipogolo, barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inakopita. Kipande cha barabara kuu hadi Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini, ndicho kibaya pekee: malori ya Zambia na Kongo hupita kwa wingi, na mwendeshaji hana budi kukimaliza asubuhi mapema, akiwa amevaa nguo inayoonekana na akikaa nje ya mstari.

Isimila ni korongo la mto mkavu. Mwaka 1951 zilionekana hapo zana za mawe za watu wa kale, na mwaka 1957 na 1958 mtaalamu wa mambo ya kale Clark Howell alifanya uchimbaji uliotoa mashoka ya mkono kwa wingi. Umri wa zana hizo unakadiriwa kati ya miaka 260,000 na 300,000. Hatua chache kutoka hapo mmomonyoko umechonga nguzo ndefu za udongo zinazosimama peke yake. Kwa mwendeshaji, nguzo hizo ni somo la kile ambacho maji ya mvua huifanyia ardhi ya Iringa inapokosa majani.

Kutoka barabara kuu, njia ya Tosamaganga hupanda na kushuka katika mashamba hadi kwenye misheni kongwe ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19. Kuna kanisa, hospitali, shule na miti mikubwa ya kivuli. Ni mahali pa kupumzika na kujaza chupa za maji. Kisha njia za vijijini huteremka kuelekea bonde la Ruaha Mdogo na Kalenga. Mteremko una mawe yaliyolegea, na asiyezoea ni heri ashuke taratibu, vidole viwili kwenye kila breki, macho yakiwa mita kumi mbele badala ya kwenye gurudumu.

Kalenga ndiyo ilikuwa makao makuu ya Mtwa (chifu) Mkwawa wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo mashariki mwa Iringa, jeshi lake lilikishinda kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi alipojiua Julai 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954, na sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Ukifika kwa baiskeli unauona uzito wa historia hiyo kwa namna ambayo gari halikupi, kwa sababu miguu imekwisha kupima bonde, kilima na umbali ambao askari wa pande zote mbili walitembea. Kutoka Kalenga kurudi mjini ni kilomita 15 hivi za kupanda polepole.

Anayetaka zaidi hugeuza usukani magharibi na kufuata barabara ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Baada ya Nzihi na Kidamali nchi hufunguka, joto huongezeka, na takribani kilomita 50 kutoka mjini kuna Mlambalasi, lilipo kaburi la Mkwawa. Barabara hiyo inaendelea hadi Msembe, ndani ya hifadhi, kilomita zaidi ya 100 kutoka Iringa, kupitia Idodi na Tungamalenga. Kadiri hifadhi inavyokaribia ndivyo wanyama, tembo hasa, wanavyovuka barabara, na baiskeli haina kasi ya kuwakwepa wala mlango wa kufunga. Idodi ni mahali pa busara pa kugeuzia, au pa kupanda gari.

Upande wa kaskazini ni rahisi zaidi na unafaa mazoezi ya asubuhi. Barabara ya Dodoma ina lami kupitia Nduli, kwenye uwanja wa ndege wa Iringa, na mwendeshaji huiacha kwa hiari yake kuingia njia za vumbi za kulia na kushoto: kuelekea Kigonzile, au kupitia mashamba na majabali ya matale. Nje kidogo ya barabara, karibu kabisa na Kihesa, kuna michoro ya mwambani ya Igeleke yenye sura za watu na wanyama. Wakazi wengi wa mji hawajaiona, jambo la kusikitisha kwa kitu kilicho umbali wa dakika chache za kunyonga. Mbele zaidi ni tarafa ya Isimani, iliyosifika kwa mahindi katika miaka ya 1950 na 1960, kisha milima ya Nyang'oro, ambako nchi huporomoka kuelekea bwawa la Mtera. Bwawa likijaa, maji yake husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Anayeteremka hadi huko ajue kwamba kuna zaidi ya mita 800 za kupanda akirudi, tena katika jua.

Kilolo ndiyo bora kuliko zote. Hukumu hiyo itapingwa na wapenzi wa uwanda wa Kitulo, upande wa Mbeya, lakini kwa njia inayoanzia mlangoni Kihesa hakuna mfano wake. Barabara hutoka Ipogolo na kupanda kusini mashariki kuelekea makao makuu ya wilaya, kisha Dabaga, Kidabaga na Bomalang'ombe, hadi ukingo wa milima ya Udzungwa. Barabara kuu ya wilaya inaendelea kuboreshwa, na kila kipande kinachopata lami huwarahisishia maisha wakulima. Lakini kushoto na kulia kwake kumebaki mtandao wa njia nyekundu zinazopita mashamba ya viazi, njegere na mahindi, miti ya misindano na mikaratusi, na vichaka vya mianzi inayotoa pombe ya ulanzi. Hakuna sehemu tambarare. Kila kijito kina bonde lake, na kila bonde humtaka mtu ateremke kwa dakika mbili na kupanda kwa dakika kumi na tano. Kwa mwendo wa kilomita 60 mwendeshaji anaweza kupanda jumla ya mita 1,000 au zaidi bila kuona mlima wowote mkubwa mbele yake.

Hapa ndipo thamani ya gia inapoonekana. Mlima wa asilimia 10 ni ule unaoinua mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo. Baiskeli ya Phoenix yenye gia moja husogea karibu mita 5 kwa kila mzunguko wa pedeli, ndiyo maana wabeba mkaa na madumu ya ulanzi wa Kilolo husukuma wakati wa kupanda na kukaa kitini wakati wa kushuka tu. Baiskeli yenye meno 40 mbele na 42 nyuma husogea kama mita 2 kwa mzunguko. Nguvu ni ileile ya mtu yuleyule. Inagawanywa katika vipande vidogo ambavyo paja linaweza kuvibeba. Kwa nchi ya Kilolo, mwenye fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu kwenye baiskeli na abadilishe gia kabla ya kingine chochote.

Mwisho wa njia ya Kilolo ni msitu. Milima ya Udzungwa, yenye kilele cha Luhombero cha mita 2,576, ina viumbe wasiopatikana kwingine, na katika msitu wa Ndundulu anaishi kipunji, aina ya nyani iliyotangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005 baada ya kuonekana huko na Rungwe. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ni ya kutembea kwa miguu. Baiskeli huishia vijijini, na ndivyo inavyopaswa kuwa: gurudumu hukata udongo laini wa msituni na kuacha mfereji ambao mvua huugeuza korongo.

Mufindi huhitaji siku mbili au usafiri wa basi hadi Mafinga, kilomita 80 hivi kusini magharibi mwa Iringa. Shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote nchini na lenye eneo lililotengwa linalozidi hekta 130,000, lina barabara za kuzimia moto na kuvunia zinazokatiza katikati ya misindano kwa mistari mirefu. Ni rahisi kupotea, maana kila njia panda inafanana na nyingine. Ramani iliyopakuliwa kwenye simu kabla ya safari ni ya lazima, na ruhusa ya ofisi ya shamba iombwe mapema. Siku za kazi malori ya magogo hupishwa njia, kwa uzito wake. Jumapili njia ni tupu. Kuelekea Sawala, Kibao na Mgololo, misindano huiachia nafasi chai, na ukingo wa Mufindi huangukia bonde la Kilombero. Ukungu wa asubuhi hapo ni mzito, na taa nyekundu ya nyuma huwashwa hata saa tatu.

Upande wa Mbeya, barabara moja imepata jina kwa kona zake. Kutoka Chimala, kilomita 78 mashariki mwa Mbeya kwenye barabara kuu, njia ya Matamba huupanda ukuta wa milima kwa kona kali 57, na wenyeji huiita Hamsini na Saba. Huanzia kwenye joto la uwanda wa Usangu, takribani mita 1,100, na kuishia kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600. Mwendeshaji mzoefu huhitaji nusu siku. Hewa inakuwa nyembamba, na baada ya mita 2,000 anayetoka Pwani ataona pumzi inaisha kabla ya miguu; dawa yake ni kulala usiku mmoja Iringa au Mbeya kwanza. Anayeshuka kwa njia hiyo asimame kila baada ya kona kadhaa ili breki zipoe.

Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, yenye kilomita za mraba 412.9, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ina aina 350 hivi za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi. Uchimbaji wa mizizi ya okidi kwa ajili ya soko la Zambia ulikuwa miongoni mwa sababu za kuilinda. Hapo kuna mgongano usioepukika: maua huchanua wakati wa mvua, kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili, wakati ambapo barabara ni mbaya kuliko wakati wowote. Mwenye baiskeli huchagua kati ya maua na njia kavu. Ukingoni mwa msimu, mwezi Mei, huenda akapata kidogo cha kila kimoja. Ndani ya hifadhi taratibu za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hufuatwa, na ruhusa ya baiskeli huulizwa langoni kabla ya kuingia. Njia ya kushukia isiyo na kona 57 hupitia Kikondo hadi Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya na Tukuyu, ikipita mashamba ya viazi na pareto. Zaidi ya hapo kuna Rungwe, ziwa la kreta la Ngozi, migomba na chai ya Tukuyu, nchi nzuri lakini yenye mvua karibu mwaka mzima, ambayo mwendeshaji wa changarawe huifurahia kwa wiki chache tu.

Msimu wa mvua wa Nyanda za Juu Kusini ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho msimu wa baiskeli, na ndani yake kuna tofauti. Juni na Julai udongo bado una unyevu kidogo, vumbi ni haba, lakini usiku wa Dabaga na Mufindi hushuka chini ya nyuzi 10 na Kitulo huweza kupata jalidi. Septemba na Oktoba ni joto, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu mchana; anayetoka Kihesa kwenda Kilolo alfajiri huwahi kabla haujaamka, na wakati wa kurudi humsukuma mgongoni.

Baiskeli mpya ya changarawe haipatikani kwa urahisi Iringa, wala si lazima. Baiskeli ya milimani ya mtumba yenye fremu nzima, gia zinazoshika na matairi mapya hufanya kazi nzuri, hasa ikitolewa shokapu iliyochoka na kuwekewa foku ya kawaida. Tena ina faida ambayo ya kigeni haina. Gurudumu lake la inchi 26 ndilo ambalo tairi na tyubu zake huuzwa hadi maduka ya vijijini. Gurudumu la baiskeli ya changarawe lina rimu ya milimita 622, ilhali lile la Phoenix la inchi 28 lina milimita 635. Kwa macho yanalingana, ila tairi la moja halikai kwenye jingine, na wageni wengi huligundua hilo wakiwa tayari wamekwama. Mwenye magurudumu ya 622 abebe tairi moja la akiba lililokunjwa, tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, na kiungo cha cheni. Upepo wa PSI 30 hadi 40 unatosha kwa tairi la milimita 45 na mtu wa uzito wa kawaida. Mafundi wa barabarani wamezoea kujaza hadi tairi liwe jiwe, hivyo ni vyema kuwaomba mapema wasizidishe.

Maji ni lita mbili kwa njia za milimani, tatu kwa Isimani na barabara ya Ruaha. Chakula si tatizo: karibu kila kijiji kina genge lenye chai, chapati, mihogo au makande, na kulipa papo hapo huifanya njia iwe na faida kwa wanakijiji pia. Salamu hutangulia maswali. Mpita njia husema kamwene, salamu ya Kihehe, au shikamoo kwa mzee, hupunguza mwendo penye watoto na mifugo, na huteremka kabisa anapopishana na aliyebeba mzigo kwenye njia nyembamba. Anayetaka kulala kwenye hema hupiga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla jua halijazama. Njia moja ni ya kuepukwa kabisa hata na wazoefu: mteremko wa Kitonga kwenye barabara ya Morogoro, ambako malori hujipanga kwenye kona na mwendeshaji hana pa kukimbilia.

Kinachokosekana sasa ni alama. Cévennes haikuwa na milima bora. Ilipata watu wa kusimika vibao, kuchora ramani na kukubaliana na wenye mashamba. Iringa inaweza kuanza na mzunguko mmoja tu, wa Isimila, Tosamaganga na Kalenga, kwa sababu tayari una vituo viwili vya makumbusho, maji, chakula na barabara. Halmashauri ya Manispaa, Halmashauri ya Wilaya ya Iringa, TARURA na vyuo vya Kihesa vyenye wanafunzi wa utalii wakae pamoja kabla ya Juni: njia ipimwe, vibao visimikwe kwenye kila njia panda, na orodha ya mafundi baiskeli na magenge ya njiani ibandikwe Isimila na Kalenga. Wasomaji wenye baiskeli nao wasisubiri vibao. Barabara zipo, na kiangazi kikianza zitakuwa kavu.